Sumaku haivuti risasi: Jinsi maji taka ya viwanda yanavyosafishwa metali nzito

Swali ambalo wasomaji wa safu hii hunitumia mara kwa mara ni hili: je, ni kweli sumaku inaweza kuondoa sumu ya madini ya risasi katika maji? Jibu lina pande mbili. Sumaku iliyofungwa kwenye bomba la nyumbani haiondoi risasi hata chembe. Lakini kiwandani, sumaku ikitumiwa pamoja na unga maalumu wa oksidi ya chuma, inaweza kuondoa sehemu kubwa ya risasi, aseniki, kadimiamu na kromiamu katika maji taka kabla hayajafika mtaroni.

Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo mada ya leo. Nimeamua kuiandika kwa urefu kwa sababu sisi watu wa Mombasa hatulijui jambo hili kwa kusoma vitabuni tu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, eneo la Jomvu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi ulishuka juu ya mapaa, na maji machafu ya kiwanda yakapita katikati ya makazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza wakazi kudai haki, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikatengua uamuzi huo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Miaka yote hiyo imekwenda kwa sababu ya sumu ambayo ingezuiwa ndani ya ua wa kiwanda.

Metali nzito ni nini?

Ni kundi la elementi kama risasi, zebaki, kadimiamu, kromiamu, nikeli, shaba na zinki. Aseniki huwekwa katika kundi hilohilo kwa sababu ya sumu yake, ingawa wanakemia hawaihesabu kuwa metali kamili. Baadhi yake, kama shaba na zinki, mwili huzihitaji kwa kiasi kidogo. Risasi, zebaki na kadimiamu hazina kazi yoyote yenye manufaa mwilini.

Uchafu wa choo au wa jikoni huliwa na bakteria na baada ya muda huoza. Metali haiozi. Risasi iliyomwagika leo itakuwa risasi ile ile wajukuu wetu wakiwa wazee. Inaweza kuhama kutoka majini kwenda kwenye tope, kutoka kwenye tope kwenda kwa chaza na kaa, na kutoka huko kuja sahanini, lakini haitoweki. Tulio kando ya hori na mikoko tuna sababu ya ziada ya kuliogopa jambo hili, kwa kuwa tope la mikoko hushika metali na kuihifadhi kwa muda mrefu.

Shirika la Afya Duniani limeweka viwango vya juu vya metali hizi katika maji ya kunywa. Kwa kila lita moja, risasi isizidi mikrogramu 10, aseniki mikrogramu 10, kadimiamu mikrogramu 3 na zebaki mikrogramu 6. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Tuchukue lori la maji la lita 10,000. Ili maji yake yote yafike kikomo cha risasi, inatosha sehemu moja ya kumi ya gramu, kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Betri moja ya gari ina kilo kadhaa za risasi.

Shirika hilo pia linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu risasi hushambulia ubongo unaokua, nao mwili wa mtoto hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi anayomeza kuliko mwili wa mtu mzima. Mama mjamzito pia humpitishia mtoto aliye tumboni.

Hapa niseme jambo ambalo kila nyumba inafaa kulijua: kuchemsha maji hakuondoi risasi. Moto huua vijidudu, na metali haina uhai wa kuuliwa. Maji yakipungua kwenye sufuria, risasi hubaki ile ile katika maji machache zaidi. Dawa ya klorini haiiondoi pia, wala kuchuja kwa kitambaa.

Sumaku huvuta nini hasa?

Nimefundisha kemia na fizikia katika shule za sekondari hapa Pwani kwa miaka mingi, na kosa la kawaida la wanafunzi ni kudhani kwamba kila metali huvutwa na sumaku. Katika metali za kawaida ni tatu tu zinazovutwa kwa nguvu: chuma, nikeli na kobalti. Risasi, shaba, zinki, kadimiamu na zebaki hazivutwi. Kwa kweli uga wa sumaku huzisukuma kidogo sana, kiasi ambacho bila vifaa maalumu huwezi kukitambua.

Zaidi ya hayo, metali iliyomo kwenye maji taka mara nyingi imeyeyuka. Haiko kama vipande. Iko kama ioni moja moja, kila moja imezungukwa na molekuli za maji. Hata chuma kikishayeyuka namna hiyo, sumaku ya kawaida haiwezi kukitoa majini. Ndiyo maana nasema zile sumaku zinazouzwa za kufunga kwenye bomba haziwezi kuwa kinga dhidi ya risasi. Maji yanapita, ioni zinapita nayo, na sumaku inabaki palepale bila kukamata kitu. Anayekuuzia kifaa hicho kwa ahadi ya kuondoa metali nzito anakuuzia hewa.

Basi viwanda vinafanyaje? Vinaipa metali mbebaji. Huwekwa majini kitu kinachopenda kushikana na risasi na ambacho pia huvutwa na sumaku. Risasi hunata juu ya mbebaji, na sumaku humvuta mbebaji pamoja na mzigo wake.

Mtoto yeyote wa Pwani aliyewahi kuburuta sumaku ya spika mchangani anajua kwamba huinuka na punje nyeusi. Mgodi wa titani wa Kwale, uliofanya kazi tangu mwaka 2013 hadi mwisho wa 2024, ulitumia wazo hilohilo kwa mitambo mikubwa: madini ya ilmenaiti huvutwa na sumaku yenye nguvu, huku rutaili na zikoni zikiachwa nyuma. Katika maji taka tunatumia ujuzi huohuo wa kutenganisha, ila hapa punje zinazovutwa tumezitia sisi wenyewe.

Njia ya kwanza: unga wa magnetaiti

Mbebaji anayetumika zaidi ni magnetaiti, oksidi nyeusi ya chuma ambayo ni ndugu wa kutu. Haina gharama kubwa, chuma chake si sumu kama risasi, na huvutwa na sumaku kwa nguvu.

Siri yake ni ukubwa wa punje. Metali hunata juu ya uso wa punje, kwa hiyo uso ukiwa mpana, mzigo unaobebwa huwa mkubwa. Gramu moja ya magnetaiti yenye punje za milimita moja ina uso wa takriban sentimita mraba 12, pungufu ya uso wa kadi ya simu ya zamani. Saga gramu hiyohiyo hadi punje za nanomita 12, ambazo zaidi ya 80,000 zikipangwa mstari mmoja hufikia milimita moja, na uso unakuwa karibu mita mraba 96. Huo ni upana wa nyumba nzima ya vyumba kadhaa, kwenye gramu moja.

Wataalamu walikuwa na shaka kwamba punje ndogo hivyo haziwezi kukusanywa kwa sumaku ya kawaida, kwa kuwa mtikisiko wa molekuli za maji ungezishinda nguvu. Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, Marekani, akiwemo Vicki Colvin, lilichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoondoa shaka hiyo. Walionyesha kwamba punje za nanomita 12 hukusanyika hata kwa sumaku dhaifu kiasi, na kwamba zinakamata aseniki vizuri zaidi kuliko punje kubwa. Baadaye kundi hilo lilieleza namna ya kutengeneza unga huo kwa kutu, mafuta ya kula na vitu vingine vya kawaida, likiwalenga watu wa nchi maskini. Waliokuwa akilini mwao ni watu kama wa Bangladesh, ambako mamilioni ya visima vilivyochimbwa kuwaepusha watu na maji machafu ya juu ya ardhi vilikuja kugundulika miaka ya 1990 kuwa vina aseniki ya asili.

Kazi yenyewe huenda hivi. Maji taka hutuama kwanza ili takataka kubwa zishuke chini. Asidi yake hurekebishwa. Unga hutiwa na maji hukorogwa hadi metali inate. Kisha sumaku huwekwa kando ya tangi, au maji hupitishwa katikati ya sumaku, na ule weusi wote hujikusanya upande mmoja. Maji meupe hutolewa na kupimwa. Unga uliobaki huweza kuoshwa kwa asidi nyepesi ili uachie metali, halafu ukatumika tena mara kadhaa.

Hatua ya kurekebisha asidi si ya kupita haraka. Maji yakiwa na asidi nyingi, uso wa magnetaiti huwa na chaji chanya. Risasi na kadimiamu nazo zina chaji chanya, kwa hiyo husukumwa. Asidi ikipungua, uso hugeuka kuwa na chaji hasi na kuzivuta. Aseniki na kromiamu ya aina kali zina tabia ya kinyume, kwa sababu majini husafiri zikiwa na chaji hasi. Maji ya kiwanda cha betri yana asidi ya salfuriki. Ukiyatilia unga bila kuyarekebisha, utapoteza unga na risasi itapita. Asidi ikizidi sana, hata magnetaiti yenyewe huyeyuka.

Njia ya pili: kuzaa sumaku ndani ya maji yenyewe

Japani ilikwenda njia tofauti. Miaka ya 1970 kampuni ya NEC ilibuni utaratibu wa feraiti kwa ajili ya maji taka. Badala ya kuleta magnetaiti iliyokwisha tengenezwa, chumvi ya chuma huyeyushwa ndani ya maji taka yenyewe, kisha alikali huongezwa, maji hupashwa moto na hewa hupulizwa ndani. Magnetaiti huanza kujiunda hapohapo, na inapojijenga hunasa metali nyingine ndani ya fuwele zake. Nikeli, zinki, shaba na kadimiamu huchukua nafasi za chuma, kama jiwe la matumbawe linavyojengewa ukutani. Risasi ni kubwa mno kuketi vizuri ndani ya fuwele, kwa hiyo nyingi hubaki imenata nje, lakini nayo hushuka pamoja na tope.

Faida ya njia hii ni kwamba metali iliyo ndani ya fuwele haitoki kirahisi mvua inaponyesha juu ya tope. Hasara yake ni gharama ya kupasha maji moto. Ndiyo maana imefaa zaidi kwa maji machache yenye sumu nyingi, kama yale ya maabara za vyuo vikuu vya Japani, kuliko kwa mito ya maji yenye sumu kidogo.

Uga wenye nguvu na nyuzi za chuma

Punje nyepesi zikiwa katika maji mengi yanayokwenda kasi, sumaku ya pembeni haitoshi. Nguvu inayovuta punje haitegemei ukali wa uga peke yake. Hutegemea pia jinsi uga unavyobadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kwa hiyo wahandisi hujaza chombo kwa nyuzi nyembamba za chuma, mfano wa zile tunazosugulia sufuria, kisha wakakizungushia sumaku ya umeme. Kila uzi hugeuka sumaku ndogo yenye kingo kali, na punje zinazopita hunasa. Nyuzi zikijaa, umeme huzimwa, maji husukumwa kwa kasi na tope hutoka. Mbinu hii ilikuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970, hasa kwa kusafisha udongo mweupe wa kaolini unaotumika katika karatasi, ndipo ikaingia kwenye maji.

Wanaodhani haya ni mambo ya maabara tu watazame Australia. Huko shirika la utafiti la CSIRO lilibuni mfumo wa Sirofloc, unaotumia magnetaiti kuondoa rangi na uchafu katika maji ya mji, na jiji la Perth lilijenga mtambo wa namna hiyo miaka ya 1980. Lengo lake halikuwa metali nzito, lakini ulithibitisha kwamba magnetaiti inaweza kutiwa, kuvutwa, kuoshwa na kurudishwa kazini siku nenda siku rudi kwa maji ya maelfu ya watu.

Mipaka yake

Siandiki haya ili mtu aamini kwamba dawa imepatikana. Kuna mambo manne ninayotaka msomaji ayashike.

Kwanza, chokaa bado ndiyo mfanyakazi mkuu. Ukiongeza chokaa kwenye maji ya asidi, metali nyingi hugeuka kuwa chembe zisizoyeyuka na kushuka chini. Ni njia ya zamani na rahisi. Mara nyingi sumaku inafaa zaidi kama hatua ya pili, ya kukamata mabaki ambayo chokaa imeyaacha.

Pili, maji ya chumvi huleta ushindani. Maji ya maeneo yetu mara nyingi yana chumvi, kalsiamu na magnesiamu nyingi, nazo hugombea nafasi kwenye uso wa unga. Matokeo mazuri yaliyopatikana kwa maji safi ya maabara lazima yajaribiwe upya kwa maji halisi ya mahali husika.

Tatu, unga wenyewe usitoroke. Punje ya nanomita 12 iliyobeba risasi ikiponyoka sumaku, huingia baharini na mzigo wake.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, sumaku haiangamizi sumu. Inaihamisha tu. Risasi iliyokuwa ndani ya maji mengi sasa iko ndani ya ndoo ya tope jeusi, tena imekolea. Tope hilo likitupwa nyuma ya ukuta au kwenye jaa la taka, mvua ya masika italirudisha kisimani. Linapaswa kurudishwa kwenye tanuri lenye leseni ili metali itolewe, au ligandishwe kwa saruji na kuzikwa katika dampo la taka za sumu lililojengwa kwa kazi hiyo. Kiwanda kinachojivunia mtambo wa maji na hakiwezi kueleza tope lake linakwenda wapi, hakijasafisha kitu.

Maswali ya kumuuliza mwenye kiwanda

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata habari. Mradi wa aina hii unatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi washirikishwe. Tatizo nililoliona katika mikutano hiyo ni kwamba wataalamu huzungumza maneno mazito, wakazi hupiga makofi, soda hunywewa na karatasi ya mahudhurio hutiwa sahihi.

Mkutano kama huo ukija mtaani kwenu, ulizeni haya kwa Kiswahili cha kawaida:

1. Maji yenu yana metali gani, na kila moja ni kiasi gani kwa lita kabla na baada ya kusafishwa?

2. Nani anapima? Je, ni maabara isiyo ya kiwanda, na majibu yatabandikwa wapi ili tuyasome?

3. Mnarekebishaje asidi, na mtambo ukiharibika usiku, maji yanazuiwa wapi?

4. Tope linawekwa wapi, linabebwa na nani, na hati ya kulipokea iko wapi?

5. Mkifunga kiwanda, nani atasafisha udongo?

Swali la tano ndilo ambalo Owino Uhuru imetufundisha kwa gharama. Sumaku hufanya kazi majini; udongo wa uani ambamo watoto wanacheza ni shughuli nyingine kabisa, ngumu na ghali zaidi.

Kwa yule anayeshuku kisima chake, macho na ulimi havitamsaidia, kwa sababu risasi katika viwango hivi haina rangi, harufu wala ladha. Kinachohitajika ni kipimo cha maabara, na Mkemia wa Serikali ana ofisi hapa Mombasa. Ukiagiza kipimo, taja wazi kwamba unataka metali nzito, maana kipimo cha kawaida cha bakteria hakitaionyesha risasi. Na kama kuna kiwanda cha betri au karakana ya kuyeyusha vyuma karibu, watoto wapimwe damu pia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Teknolojia ya kuziba ufa huu ipo, imejaribiwa, na sehemu kubwa yake ni kutu, chokaa na sumaku. Kilichobaki ni kuhakikisha vinatumika ndani ya lango la kiwanda, kabla maji hayajatoka.